Mbwa wangu anaumwa tumbo kila mwezi. Naomba msaada (Unguja)

UmmuKarafuu – 3 Desemba 2024

Assalaam aleykum ndugu zangu. Nisomeni mpaka mwisho, maana nimeandika kwa urefu makusudi nisije nikaacha jambo ambalo mwenye kujua angelikamata.

Nina mbwa dume, anaitwa Chui, miaka minne, kilo 18 akiwa mzima. Ni wa kienyeji, ana mistari mwilini na sikio moja limechanika tangu utoto. Tulikuwa naye Mwera, akilinda mihogo na kuku, na miaka yote ile sikumjua kwa maradhi. Mwezi wa Julai tukahamia huku Bumbwini, kwenye nyumba aliyotuachia babu, si mbali na pwani. Mchana namfunga kamba, usiku namwachia alinde.

Tangu Septemba anaumwa. Anaanza kwa kukataa chakula, kisha anatapika povu la manjano, kisha anaharisha maji, mara nyingine na utelezi na damu kidogo. Anakunywa maji hadi ndoo inabaki kavu. Tumbo linakuwa gumu, ukiligusa anageuza shingo kukutazama. Nikiona hivyo namfungia ndani ya ua kama wiki moja hivi, namhudumia, na siku ya nne au ya tano anainuka na kula kama hakuwa yeye.

Mara ya kwanza nilimpa dawa ya minyoo, akapona. Mara ya pili daktari akampa metronidazoli, akapona. Mara ya tatu tukaacha kila kitu, wali na kuku wa kuchemsha tu, akapona. Juzi hii, mara ya nne, akatiwa dripu na sindano, kapona. Kila dawa inamponesha na hakuna inayomponesha. Kilo zimebaki 15.

Jambo moja zaidi. Kwenye kinyesi cha safari hii nimeona chembe nyeupe, za duara, ngumu, mfano wa mtama mdogo. Nikahisi ni mayai ya minyoo.

Kuna mtu amepata kuona ugonjwa wa namna hii?

---

MtuWaMwera – 3 Desemba 2024

Pole sana dada. Mpe vidonge vya albendazoli vya watu, viwili kwa mpigo. Wangu alipona.

---

Bwana_Mifugo – 3 Desemba 2024

Naomba usimpe. Mimi ni daktari wa mifugo, na albendazoli kwa mbwa imeshahusishwa na kuharibu uboho unaotengeneza damu. Dawa ya jamii hiyo tunayoiamini zaidi kwa mbwa ni fenbendazoli, na hupewa kwa uzito wake kwa siku kadhaa mfululizo. Na ndugu wengine mnaosoma, msiwape mbwa ibuprofeni wala diklofenaki kwa maumivu ya tumbo. Zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Nimeshawaona wakifa kwa huruma ya mwenye mbwa.

Dada UmmuKarafuu, mayai ya minyoo hayaonekani kwa macho, yanahitaji darubini. Kinachoonekana ni minyoo yenyewe au vipande vya tegu, na kipande cha tegu ni bapa kama mbegu ya tango, kikiwa kibichi utakiona kinajikunja. Chembe ya duara na ngumu si mnyoo. Ukiiona tena iweke kwenye kichupa, usiitupe.

Sasa nijibu haya. Fizi zake zina rangi gani? Bonyeza kwa kidole mpaka paweupe, achia, hesabu: damu irudi kabla ya sekunde mbili. Ana kupe? Anatapika kweli, yaani tumbo linabana na kusukuma, au chakula kinamrudia tu kinywani kikiwa hakijasagika? Hayo mawili watu huyachanganya, na maradhi yake ni mbalimbali. Na chooni anakwenda mara nyingi kidogo kidogo kwa kujikamua, au mara chache lakini kingi?

---

UmmuKarafuu – 4 Desemba 2024

Ahsante daktari. Fizi za waridi, damu inarudi haraka. Kupe namtoa mwenyewe kila Ijumaa, hukosi wawili watatu masikioni. Anatapika kweli, mbavu zinaingia ndani kwa kusukuma. Chooni ni kingi, maji matupu siku ya kwanza, na kujikamua ni siku ya pili na ya tatu.

---

Kisiwani_Pemba – 4 Desemba 2024

Mie niko Wete. Kaka yangu ni msasi, ana mbwa watano wa kufukuzia nguruwe mashambani. Mmoja alikonda vivi hivi, tukahangaika na tumbo miezi, kumbe ni homa ya kupe. Damu ilipoangaliwa ndiyo ikajulikana. Kwa hiyo usidharau hao wawili watatu wa masikioni.

Na jengine, dada yangu, mbwa akitokwa na udenda au akishindwa kumeza, usimtie mkono kinywani kutafuta mfupa. Kwetu Pemba wamepita shehia kwa shehia kuchanja dhidi ya kichaa, na bado sisi tukiona udenda tunasimama mbali kwanza. Wako kachanjwa?

---

UmmuKarafuu – 4 Desemba 2024

Kachanjwa, kadi ninayo. Ahsante kwa kunikumbusha.

---

Bwana_Mifugo – 5 Desemba 2024

Basi tufanye kwa mpango. Kwanza kinyesi, si mara moja bali mara tatu kwa siku mbalimbali, kwa sababu kijidudu cha jiadia hakitoki kila siku. Kipimo kimoja kikiwa safi hakijathibitisha lolote. Kipelekwe kibichi. Pili damu kwa ajili ya homa ya kupe. Tatu, shambulio likirudi, kabla hajatiwa dripu, achukuliwe damu ipimwe sodiamu na potasiamu.

Nitakwambia kwa nini hilo la tatu. Kuna ugonjwa unaitwa wa Addison. Tezi mbili ndogo zilizo karibu na figo zinaacha kutoa homoni zake. Mbwa anaumwa tumbo, anapona, anaumwa tena, na akitiwa dripu anafufuka kana kwamba umemtia roho mpya. Unaiga maradhi mengine yote, ndiyo maana tunaukosa. Alama yake ni sodiamu kushuka na potasiamu kupanda. Maelezo yako yananipeleka huko.

---

Mchangiaji_Kimya – 7 Desemba 2024

Samahani lakini lazima mtu aseme. Sisi ni Waislamu, mbwa ni najisi, mnahangaika na fedha za dripu kwa ajili ya mbwa wakati watoto wa watu hawana dawa.

---

Maalim_wa_Chuoni – 7 Desemba 2024

Ndugu yangu, mate ya mbwa ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo hakuna anayelipinga. Lakini mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao ameruhusiwa kwa hadithi sahihi, na huyu kafugwa kulinda. Na ukishamfunga kamba wewe mwenyewe, chakula chake na maumivu yake yako shingoni mwako. Yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake kwa kiatu hicho. Dada aendelee.

---

UmmuKarafuu – 19 Desemba 2024

Nimerudi na majibu. Kinyesi mara tatu: hakuna jiadia, hakuna safura, hakuna chochote. Damu ya kupe: safi. Wakati huo Chui ni mzima kabisa, kaongeza kilo moja na nusu, anarukaruka na watoto. Nilimtazama pale kwa daktari kasimama mezani na mkia unapiga ukuta, nikaona aibu kama mtu aliyekuja kusema uongo. Daktari wa huku akaniambia kwa upole kuwa huenda anaokota uchafu tu.

Sikulala vizuri. Wiki tatu tangu aanze kuumwa mara ya mwisho. Nafsi inaniambia linakuja.

---

UmmuKarafuu – 28 Desemba 2024

Limekuja, na safari hii si la kawaida.

Jana alfajiri nilitoka kutia udhu, nikamkuta amelala ubavu kwenye kizingiti. Kwanza nilidhani kalala. Nilipomwita alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikaachana kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Kichwa kinatikisika, kidogo kidogo, bila kuacha. Macho yanatazama lakini hayanioni. Alikuwa ametapika mara tatu uani. Nikamsogezea maji, akatumbukiza mdomo wote, akanywa kwa kukoroma, akayatapika palepale.

Kijana wa dada yangu ana bajaji, tukamfunga kwenye khanga tukamkimbiza mjini. Njia nzima nilikuwa nimemshika kidevu asijigonge.

Daktari alifanya kama mlivyoniambia hapa, damu kwanza kisha dripu. Damu ikapelekwa maabara ya watu. Potasiamu 4.3, ya kawaida. Sodiamu 171.

Bwana_Mifugo, uliniambia kwenye Addison inashuka. Hii mbona imepanda?

---

Bwana_Mifugo – 28 Desemba 2024

Imepanda, na imepanda vibaya. Kwa mbwa sodiamu hukaa kati ya 140 na 155 hivi. Niliwaza Addison na nilikosea. Hii imeufuta kabisa.

Ukiona 171 na mbwa anatetemeka, kuna njia mbili. Ama amepoteza maji mengi sana bila kuyarudisha, ama ameingiza chumvi. Na yeye ndoo ilikuwepo, alikuwa anakunywa. Mimi nasema chumvi. Ikizidi kwenye damu inavuta maji kutoka kwenye ubongo, ndiyo kule kutetemeka na kutotambua. Ndani ya utumbo nako inavuta maji, ndiyo kuharisha.

Mwambie daktari wako, ingawa naamini anajua, asiishushe kwa pupa. Ubongo ulioanza kuzoea chumvi ukimiminiwa maji matupu ghafla unavimba. Ishuke polepole, kama 10 au 12 kwa siku. Na nyumbani maji apewe kidogo kidogo kila baada ya muda mfupi, si ndoo nzima.

Chumvi anaipata wapi?

---

UmmuKarafuu – 28 Desemba 2024

Sijui wallahi. Chakula chake ni ugali na vichwa vya samaki ninavyochemsha mwenyewe bila chumvi. Pakiti ya chumvi iko juu ya kabati. Nimeuliza watoto mmoja mmoja. Labda anakunywa maji ya bahari?

---

Bwana_Mifugo – 28 Desemba 2024

Yawezekana, wapo mbwa wanaougua kwa maji ya bahari. Lakini bahari iko hapo kila siku, na yeye haumwi kila siku. Tuandikie tarehe zote kutoka kwenye daftari.

---

UmmuKarafuu – 28 Desemba 2024

1 Septemba. 30 Septemba. 29 Oktoba. 28 Novemba. 27 Desemba.

---

MtuWaMwera – 28 Desemba 2024

Mara mwanzo wa mwezi, mara mwisho. Hazina mpangilio.

---

Maalim_wa_Chuoni – 29 Desemba 2024

Zinao. Nimekaa na kalenda ya ukutani tangu baada ya Isha, na mkono unanitetemeka kwa nilichokiona. Msizihesabu kwa miezi ya kizungu. Zihesabuni kwa mwezi wa mbinguni. Kwa mwandamo wa kwetu (Mfunguo ni hesabu ya miezi baada ya Ramadhani), na mnaweza kupishana nami siku moja:

1 Septemba ni mwezi 27 Mfunguo Tano. 30 Septemba ni 26 Mfunguo Sita. 29 Oktoba ni 25 Mfunguo Saba. 28 Novemba ni 26 Mfunguo Nane. 27 Desemba ni 25 Mfunguo Tisa.

Kila mara siku 29 au 30. Huyu mbwa anaumwa mwezi unapokufa.

---

Kisiwani_Pemba – 29 Desemba 2024

Subhanallah. Mwili umenisisimka. Dada, mtafute mtu amsomee.

---

Nahodha_Giza – 29 Desemba 2024

Msomeeni, dua haimkosi mtu, wala mnyama. Lakini mimi nimevua miaka thelathini na nawaambia hilo ni giza la dagaa.

Mwanangu UmmuKarafuu, umesema Bumbwini. Sikiliza. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa bahari yote ina mwanga, dagaa hawaji kwenye taa yako, kwa hiyo mbaramwezi tunapandisha vyombo, watu wanarudi makwao, wanashona nyavu. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, kama mwezi 18 au 19 hivi, vyombo vinashuka tena. Kuanzia 25 mpaka mwandamo ndiyo giza totoro, ndipo mzigo unapokuwa mkubwa.

Vyombo vinafika diko, yaani pale pwani vinapoegeshwa, usiku au alfajiri. Dagaa hawangoji jua, wataharibika. Wanachemshwa palepale kwenye makarai makubwa, kwa maji ya chumvi, kisha wanaanikwa. Na yale maji hayamwagwi kila karai. Yanaongezwa chumvi, karai la pili, la tatu, la kumi, mpaka yawe mazito kama supu. Mwisho wa kazi ndiyo yanamwagwa mchangani.

Mbwa atafanya nini na mchanga ulionyeshewa supu ya samaki?

Na zile chembe zako nyeupe za duara kama mtama. Ni macho ya dagaa. Samaki akichemshwa jicho linakauka likawa kishanga cheupe. Mke wangu huyakuta kwenye ungo kila siku.

---

UmmuKarafuu – 29 Desemba 2024

Shikamoo Nahodha. Nimesoma nimeketi chini. Diko tunalo, dakika kumi kutoka nyumbani. Usiku namwachia kamba.

---

Bwana_Mifugo – 29 Desemba 2024

Na mimi namwamkia Nahodha. Maelezo yake yanaunganisha kila kitu, na yananiongezea jambo ambalo sikulisema: mchanga. Mbwa harambi supu tu, anameza na mchanga wake. Unajaa utumboni siku hadi siku, mzito, unakwaruza. Ndiyo tumbo gumu, ndiyo kujikamua, ndiyo damu kidogo.

Fanya hivi leo. Chukua kinyesi chake, kiasi cha yai, tia kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, jaza maji, koroga mpaka kivurugike, acha dakika kumi. Mchanga utakaa chini.

---

UmmuKarafuu – 30 Desemba 2024

Nawaandikia nikiwa nimerudi diko sasa hivi.

Kwanza chupa. Nilivaa mifuko mikononi, nikakoroga kwa kijiti, nikaiweka juu ya ukuta wa kisima jua linapiga. Maji yalikuwa ya kahawia, kisha juu yakaanza kusafika. Nilipoangalia tena, chini ya chupa pamelala tabaka la mchanga mweupe, unene wa kidole changu cha shahada, safi kama ule wa ufukweni. Juu ya mchanga macho ya dagaa kumi na tatu. Niliyahesabu.

Leo alfajiri nikaenda na kijana wa dada yangu. Makarai yalikuwa bado yanafuka moshi. Pembeni pana mahali wanapomwaga. Mchanga pale umeshikana kama saruji, una ukoko mweupe juu, ukiubonyeza unavunjika kama mkate mkavu. Na katikati pana shimo lililorambwa. Limerambwa likawa laini kama bakuli, na kucha zimechora kuzunguka.

Nikamuuliza mama mmoja anayeanika, je, huwa anaona mbwa hapa? Akasema, "Yule mwenye sikio limechanika? Huyo ni wetu. Huja kila alfajiri, hukaa pale mpaka kazi iishe. Sisi tunamwita Askari. Siku hizi mbili hajaja, tumemuulizia."

Nilishindwa kumjibu kwa muda. Miezi minne natafuta kwa daktari na kwa darubini, na jibu liko kwa mama huyu. Nikamweleza. Alishika kinywa. Akasema yeye mwenyewe humrushia waliovunjika, kwa kumwonea huruma anavyokonda.

---

Maalim_wa_Chuoni – 30 Desemba 2024

Alhamdulillah. Sasa imeeleweka pia kwa nini kila dawa ilifanya kazi. Ukimfungia wiki nzima, giza linapita ukiwa umemfunga. Ukimwachia, vyombo viko karibu kupanda. Mwezi ulikuwa unamponesha, na sifa anachukua aliyemtibu mwisho.

---

Bwana_Mifugo – 30 Desemba 2024

Na ndiyo maana vipimo vya katikati ya Desemba vilikuwa safi. Tulimpima mbaramwezi. Ningekuuliza mbwa anashinda wapi na analala wapi kabla ya kukutuma maabara, ungeokoa fedha na yeye angeokoka na hili la mwisho. Nimeliandika kwangu.

Matibabu: sodiamu ikisharudi, mchanga uliobaki utolewe kwa maji na chakula chenye nyuzi. Maganda ya mbegu za mmea wa ispaghula yaliyolowekwa husaidia kuusukuma, muulize daktari wako kipimo. Usimpe mafuta kwa nguvu, yanaweza kuingia mapafuni. Akitapika mfululizo, tumbo likavimba na haendi haja, usingoje asubuhi, mchanga unaweza kuziba na huo ni upasuaji. Na kamwe asitapishwe kwa chumvi, kama wanavyofanya wengine. Huyu tungemuua.

Dagaa wenyewe nao wasimzoee. Waliolala kabla ya kuchemshwa hutengeneza histamini, na moto hauiondoi.

---

Nahodha_Giza – 31 Desemba 2024

Nina watu ninaofahamiana nao ukanda huo. Nitawapigia. Kumwaga maji yale chini ya mstari wa maji kujaa ni kazi ya ndoo chache tu, bahari inachukua. Si mbwa tu, hata mbuzi na kuku wanakwenda pale. Wewe mwanangu zungumza na kina mama, usiende kwa ukali. Wale wanaamka saa nane usiku.

---

UmmuKarafuu – 6 Januari 2025

Sikwenda kwa ukali. Nilikwenda na sinia la maandazi na chupa ya chai ya tangawizi. Tumekubaliana: maji ya karai yanabebwa mpaka mchanga mbichi, na lile bakuli limefukuliwa na kutupwa baharini, watoto walisaidia. Mzee mmoja alisema mbuzi wake wawili walikufa mwaka jana wakitetemeka na hakujua kwa nini. Sina hakika kama ni jambo lile lile, lakini alilibeba moyoni, na yeye ndiye aliyeanza kuchimba.

Chui yuko nyumbani. Sodiamu 149. Siku mbili alitoa mchanga mtupu, unasikika ukimwagika. Kilo 15 na robo.

Kamba sasa ni usiku, kuanzia mwezi 17 mpaka mwezi 8. Mchana yuko huru uani. Usiku wa kwanza alilia mpaka alfajiri akielekea pwani, na nikakaa naye nje mpaka adhana.

---

Kisiwani_Pemba – 23 Januari 2025

Dada, leo mwezi umefika ishirini na kitu. Tupe habari.

---

UmmuKarafuu – 23 Januari 2025

Anakula. Naogopa hata kuandika.

---

UmmuKarafuu – 28 Januari 2025

Siku za Miraji zimepita. Nilizihesabu moja moja: 25, 26, 27 Rajabu. Usiku wa 26 nililala na tochi mkononi, kila akigeuka natoka. Hakutapika. Alfajiri nilimkuta kwenye kizingiti kile kile, ubavu, na moyo ukasimama. Nikamwita. Akainua kichwa, akapiga miayo, akanyoosha miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akaja kunusa udhu wangu.

Kilo 17.

---

Bwana_Mifugo – 28 Januari 2025

Nimemsomea mke wangu ujumbe huu kwa sauti. Endelea na chupa kila wiki mpaka Shaabani iishe.

---

MtuWaMwera – 29 Januari 2025

Kuhusu vile vidonge nilivyokushauri, nisamehe. Nimevitoa nyumbani kwangu pia.

---

UmmuKarafuu – 2 Februari 2025

Leo mwezi 3 Shaabani. Nimekoroga chupa, nimengoja dakika kumi, nimengoja na kumi nyingine. Chini hakuna kilichotua isipokuwa nyuzi za majani. Choo kigumu, mara mbili kwa siku.

Yule mama wa diko alimtuma mtoto kuuliza Askari yuko wapi. Jioni, kazi ikiwa imekwisha na makarai yameinamishwa, nimempeleka mwenyewe kwa kamba. Chui alimtambua kutoka mbali. Mama alikuwa amemchemshia vichwa viwili vya changu, bila chumvi, kwenye kifuu.